Ubibi Uliotupwa Motoni

Siku wanawake wa kizungu wa mjini kwetu walipoamua kuutupa ubibi, mimi ndiye niliyewawashia moto. Wenyewe walishindwa. Walikuwa saba, wamelizunguka jiko la kuchomea nyama uani kwa Haverstock, wamemaliza kiberiti kizima na moto haujashika. Nikasikia jina langu likiruka kutoka uani hadi jikoni, Ozella, Ozella, nikajifuta mikono nikatoka. Nikapanga vijiti, nikavitia mafuta ya taa kidogo, njiti moja tu, ukawaka.

Nisieleweke vibaya. Ninaposema ubibi simsemi bibi aliyemzaa mama yako. Nasema lile Bibi la mbele ya jina, Bibi Fulani, ambalo mwanamke hupewa akishaolewa. Kila mmoja wao alikuja na kadi zake za jina, zile kadi nene ambazo wake wa wakubwa huzipiga chapa, zimeandikwa kwa hati ya kujipindapinda: Bibi Daktari Curtis Haverstock. Bibi Profesa Alden Thorne. Ni jina la mume mwanzo mwisho, la mwenyewe halimo. Wakasema huo ni utumwa, na kuanzia leo hakuna mabibi, wataitana kwa majina waliyobatizwa. Wakazitupa kadi motoni huku wakipiga makofi.

Ilikuwa mwaka 1972, mwezi wa tano, na habari za ukombozi wa wanawake zilikuwa zimetufikia hata sisi wa Georgia. Kila Jumatano saa nne asubuhi walikutana sebuleni kwa Lenore Haverstock, mke wa daktari wa meno, ambaye nilikuwa nimemfanyia kazi miaka kumi na moja. Aliyewaongoza ni Marguerite Thorne, mke wa profesa, aliyehamia kutoka Boston na masanduku ya vitabu. Walizungumza jinsi jiko linavyomfunga mwanamke, nami nikiwapitishia keki ya malimau iliyotoka kwenye jiko hilohilo. Mengi waliyosema yalikuwa kweli, siwezi kuwapunja haki yao. Walipolalamika kwamba benki haimkopeshi mwanamke bila sahihi ya mume, niliitikia kwa kichwa nyuma ya mlango hadi kitambaa cha kichwani kikanivuka. Ila waliitana dada, dada Lenore, dada Marguerite, nami nikijihesabia kimoyomoyo: madada saba sebuleni, na dada wa kazi mmoja jikoni.

Basi moto ulipokolea, Lenore akanigeukia, macho yanamng'aa. Akasema tangu leo nisimwite tena Bibi Haverstock, nimwite Lenore. Nani, mimi? Ulimi umezoea miaka kumi na moja, leo niukunje kama mkeka? Kisha Marguerite akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe Ozella, hutaki kutupa la kwako?"

Nikautazama ule moto. "Mimi sina cha kutupa," nikasema. "Sijapewa bado."

Marguerite akasema hilo ni neno zito sana, akalitia kwenye daftari lake. Halafu akaniuliza kama keki imebaki.

Jioni nikaenda kuzoa majivu, maana mapinduzi nayo yana kufagiliwa. Kadi hazikuungua. Karatasi ya bei mbaya ile, imebabuka kingo tu. Nikaokota moja ya Lenore nikaitia kwenye mfuko wa aproni, bila hata kujua ya nini.

Sasa nikwambie neno hilo lina uzito gani kwetu. Georgia niliyokulia mimi, mzungu alikuwa radhi akatwe ulimi kuliko kumwita mwanamke mweusi Bibi. Ukiwa mdogo ni wewe msichana, ukizeeka ni shangazi, na hapo katikati ni jina lako tupu, hata mtoto wa miaka sita atakuita hilohilo akitaka maziwa. Shangazi yangu Tempie alijiona mjanja, akambatiza binti yake jina la Bibi. Bibi Lockett, limeandikwa kanisani, mzungu atake asitake. Wazungu wakamwita Susie.

Mume wangu Rufus Gaither, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa na dawa yake. Kwenye sanduku la barua aliandika R. na O. Gaither, herufi tu, ili mpita njia asilidokoe jina langu la kwanza. Mbele za watu hakuniita Ozella hata siku moja. Tuko mezani tunakula maharage: Bibi Gaither, nisogezee chumvi. Jumamosi moja mtu wa bima alikuja akabisha, akawa anaita Ozella, Ozella. Rufus akatoka barazani akamwambia hapa anakaa Bibi Gaither, huyo Ozella hamfahamu, labda ajaribu mtaa wa pili. Yule kijana akauzunguka mtaa wote kwenye jua. Tulicheka mbavu zikatuuma. Na kanisani kwetu mimi ni Bibi Gaither tangu siku ya ndoa, mama wa kanisa, kofia nyeupe, kiti cha mbele. Ila kila asubuhi nikivuka reli kwenda upande wa wazungu, Bibi Gaither alibaki kwetu, aliyevuka ni Ozella.

Rufus alikufa kwa kiharusi, ilikuwa inakwenda mwaka wa nne. Nisiwe mchoyo wa shukrani: Lenore ndiye aliyenikimbiza hospitali kwa gari lake, anaendesha huku analia kunishinda mimi. Lakini siku ya mazishi likaja shada kutoka kwake, kubwa kuliko ya watu wote, na kadi juu yake: Kwa Ozella mpendwa. Likawekwa juu ya jeneza la mtu aliyetumia maisha yake kulificha jina hilo. Binti yetu Claudine aliichana kadi ile vipande vipande akavitia mfukoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na mimi nilijua hajasahau.

Huyo Claudine ndiye aliyekuwa anaolewa Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, kanisani kwetu. Lenore alipopata habari akaniomba aje. Akasema yeye ni mtu wa nyumbani. Nilikuwa nataka aje, sitaki kusema uongo, kwa sababu machozi yale ya garini niliyaona kwa macho yangu. Nikamwambia Claudine.

Claudine ni mwalimu wa hesabu, hajui kuzunguka. Akasema aje, hana neno, lakini mlangoni mwa kanisa aseme amekuja kwa nani. Akisema Bibi Gaither, aketi. Akisema Ozella, arudi na zawadi yake. Nikamwambia mwanangu, mwenzio amelitupa neno hilo motoni juzi tu, tena moto wenyewe nimeuwasha mimi. Claudine akacheka hadi akakaa chini sakafuni. Kisha akajifuta macho, uso ukabadilika.

"Mama," akasema, "Baba alikufa hajalisikia kwa wazungu hata mara moja. Wewe hutakufa hivyo."

Nami nilikuwa nalitaka, nisijifanye. Nilikuwa na miaka hamsini na nne na nilitaka kulisikia mara moja tu, kutoka kinywa cha nyumba ile. Sikutaka nyongeza wala zawadi. Nilitaka hilo.

Alhamisi nikampelekea Lenore kadi ya mwaliko. Akaisoma kwa sauti, amesimama karibu na jokofu: Bibi O. Gaither anayo furaha kukukaribisha kwenye ndoa ya binti yake Claudine. Akaigeuza nyuma na mbele. Akaniuliza hawa kina Gaither ndio wakwe, na je, ni watu wazuri?

"Ni watu wazuri sana," nikamwambia. "Bibi Gaither ndiye mimi."

Akawa mwekundu kuanzia shingoni hadi kwenye nywele. Miaka kumi na moja nimemlelea watoto, nimempikia, nimemfichia chupa za mvinyo mama mkwe wake asizione, na jina la nyumbani kwangu halikuwahi kumjia akilini kuuliza. Akavuta kiti akakaa. Lakini hakukaa kwenye aibu muda mrefu, maana Marguerite alikuwa amemfundisha vizuri. Akanishika mkono akasema tumeshayatoka hayo, Ozella, na wewe usikubali kufungwa kwa jina la mwanamume.

Nikamwambia kwamba Rufus hakunifunga, alinifunika. Hakuelewa. Akanipigapiga mkono, kama unavyompoza mgonjwa. Nikaona nisizunguke, nikamwambia wazi kwamba mlangoni ataulizwa ni mgeni wa nani, na jibu ni Bibi Gaither. Akasikitika kabisa, si kwa kiburi. Akasema ameapa mbele ya madada zake kwamba neno hilo halitatoka tena kinywani mwake, kwa ajili ya wanawake wote.

Wanawake wote. Nikarudi kwenye ubao nikamkatakata kuku kuliko makosa yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na akimjua humshauri apunguze kula. Siku nane zilizofuata sikumkumbusha tena. Hata zawadi yake ya harusi, sinia la fedha, nililifunga mimi kwenye karatasi ya maua, maana Lenore kufunga kitu hajui, na nikafunga vizuri.

Jumamosi ikafika. Joto la Georgia la mwezi wa sita, feni za mkononi zinapepea kanisa zima. Mimi na Claudine tulikuwa kwenye chumba kidogo kando ya mlango mkubwa, yeye na shela yake, mimi na gauni la rangi ya pichi, tunasubiri kinanda. Mama wa bibi harusi ndiye huingia wa mwisho kabla ya bibi harusi mwenyewe, na kinanda kikianza mlango wa nje unafungwa. Mlango wa chumba chetu ulikuwa wazi kidogo, na kupitia upenyo huo nilimwona Lenore anapanda ngazi, kofia ya majani, sinia kifuani.

Mlangoni alisimama Mozelle Pruitt, mkuu wa wapokea wageni, mwanamke mpana kama mlango wenyewe, nguo nyeupe, glavu nyeupe, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama wanavyosimama wapokea wageni wa kwetu. Claudine alikuwa ameshamweleza. Mozelle aliwahi kufanya kazi za ndani miaka ishirini, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akamkaribisha vizuri sana, akamuuliza yeye ni mgeni wa nani.

Lenore akatabasamu akasema ni mgeni wa Ozella.

Mozelle akafikiri. Akasema hapa hatuna Ozella.

Lenore akacheka kidogo, akasema lazima yupo, ni mama wa bibi harusi, Ozella wangu. Mozelle akasema kanisani hapa kila mtu ni wa Bwana Yesu, lakini hata Bwana Yesu akiitazama orodha, huyo hayumo. Akasogea pembeni kuwapitisha wageni wengine, mzee na mkewe, halafu akarudi kusimama palepale. Lenore akafungua mkoba kutafuta kadi ya mwaliko. Haikuwemo. Ilikuwa jikoni kwake, kwenye kopo la unga, nilipoiweka mimi isilowe.

Hapo ndipo alipoinua macho akaniona.

Lazima ujue jambo moja. Lenore hana kumbukumbu ya majina. Kila alipofanya karamu, mimi nilipita nyuma yake na sinia la vitafunio, nikamnong'oneza: huyu ni mke wa hakimu, huyu ni dada yake askofu, yule kafiwa majuzi usimuulize mume. Miaka kumi na moja hajaumbuka hata mara moja, na watu walimsifu kwa kukumbuka. Sasa alikuwa amesimama pale kwenye jua, jasho linamtiririka, ananitazama kwa macho yaleyale ya karamuni. Alikuwa anangoja nimnong'oneze. Na jina nilikuwa nimeshampa, siku tisa nyuma.

Mguu wangu ukainuka wenyewe. Nakwambia kweli, mguu ulikwenda, kwa mazoea. Claudine akanishika kiwiko.

"Ukienda kumwokoa leo, Mama, naivua hii shela."

Nikaurudisha mguu. Nikafumba mdomo. Kinanda kikaanza. Nilimpenda yule mwanamke, na nilikuwa tayari aondoke. Mozelle akaweka mkono kwenye mlango kuufunga. Lenore akautazama ule mkono wenye glavu, akanitazama mimi.

"Mimi ni mgeni wa Bibi Gaither," akasema.

Mozelle akatega sikio. Akasema samahani mama, kinanda kinalia, hakusikia vizuri. Lenore akavuta pumzi akasema tena, safari hii kwa sauti iliyowageuza watu wa viti viwili vya nyuma: Bibi Gaither, mama wa bibi harusi. Mozelle akainama kidogo akampa mkono akampeleka hadi kiti cha nne, akampa na feni. Mimi nikaingia nyuma yao nikiwa nimeshikwa mkono na mpwa wangu, nalia mbele ya watu wote, na watu wakasema tazama mama anavyomlilia binti yake.

Kwenye chakula Lenore alikula kuku vipande vitatu, akacheza na baba mkwe wa Claudine, akanikumbatia. Akaniambia sikioni kwamba ilikuwa vigumu. Nikamwambia najua.

Sasa ungedhani mambo yameisha. Jumatatu nikafika kazini saa mbili. "Habari za asubuhi, Ozella," akasema. Jumanne, Ozella. Lile neno lilikuwa limebaki kanisani na maua yaliyonyauka. Sikununa. Ila Jumanne jioni nikiwa nyumbani nilitoa ile kadi niliyoiokota kwenye majivu, nikachukua mkasi wangu wa kukatia kuku, nikaondoa Daktari, nikaondoa Curtis, nikaondoa Haverstock. Likabaki Bibi, kwa ile hati nzuri ya kujipindapinda, limebabuka pembeni. Nikalibandika kwenye kipande cha boksi na mbele yake nikaandika kwa penseli ya orodha ya sokoni: Gaither.

Jumatano madada wakakutana. Nikaiegemeza kadi yangu kwenye kopo la sukari, mahali ambapo mtu akitaka kahawa hawezi kutoiona. Nikaketi. Nikachukua maharage mabichi nikaanza kuyakata.

Saa nne na robo sauti ikatoka sebuleni, Ozella, tunaweza kupata kahawa? Nikakata maharage. Ikaja tena, Ozella? Nikasikia Marguerite anauliza labda ametoka. Nikakata maharage mengine. Kahawa ilikuwa imeiva, iko juu ya jiko, harufu inawafikia mpaka huko, wenyewe wanaimeza kwa pua.

Mwisho nikasikia viatu vyake. Lenore akasukuma mlango, mdomo uko wazi tayari kuniita, akaiona ile kadi. Akaisogelea. Akaitambua hati yake mwenyewe. Akanitazama, akaitazama kadi, akatazama nyuma sebuleni walipokuwa madada zake sita ambao mbele yao alikula kiapo, na mlango ulikuwa wazi. Sikumnong'oneza.

"Bibi Gaither," akasema, nao wote wakasikia. "Tunaomba kahawa, tafadhali."

Nikaweka kisu chini, nikasimama, nikajifuta mikono taratibu.

"Inakuja, Lenore."

Akashtuka, ungedhani nimemkanyaga. Alikuwa amenisihi wiki tatu nzima nimwite hivyo, na nilipomwita, mbele ya wenzake, niliona linavyomwingia: jina tupu, halina kitu mbele, limetoka kinywani mwa mtu wa jikoni. Akabaki amesimama pale na mkono kwenye kitasa. Nikamwonea huruma, kwa kweli. Nikalibeba sinia, na nilipompita nikamwambia polepole asikie yeye peke yake kwamba atazoea, mimi kuzoea langu kulinichukua miaka kumi na moja.